Jina la Kiwelisi kwa Mtoto wa Kike: Lisome Kwanza, Ndipo Ulichague

Orodha za majina ya watoto zinazozunguka mitandaoni zimejaa majina ya Kiwelisi: Seren, Eira, Bronwyn, Cerys, Rhiannon. Kila jina limebandikwa maana ya maneno mawili matatu, lakini linavyotamkwa hakuna anayeeleza. Wazazi wanabaki kubishana kama Cerys ni "Seris" au "Keris", kama Meredith ni wa kike au wa kiume, na kama Ffion kweli linahitaji f mbili. Mkanganyiko huu unatatulika. Tena mzungumzaji wa Kiswahili anaanzia mahali pazuri kuliko Mwingereza, kwa sababu sauti nyingi za Kiwelisi zinazomtesa Mwingereza sisi tunazo mdomoni tangu utotoni.

Wales ni nchi iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, mojawapo ya nchi nne za Ufalme wa Muungano. Wenyeji huiita Cymru, na lugha yao, Kiwelisi, huiita Cymraeg. Kiwelisi si lahaja ya Kiingereza na hakitokani nacho. Ni lugha ya Kikelti, ndugu wa karibu wa Kibretoni kinachozungumzwa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, na ndugu wa mbali wa Kiayalandi. Katika sensa ya 2021, watu wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8 ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka 3 na kuendelea, walisema wanakizungumza. Kwa hiyo si kila jina linalopendwa Wales ni la Kiwelisi. Olivia limependwa sana huko kwa miaka mingi, na si la lugha hiyo.

Afrika Mashariki tunayo majina yenye asili ya Kiwelisi bila kujua. Gladys, jina lililoenea Kenya nzima na analolibeba gavana wa Homa Bay, Gladys Wanga, ni Gwladus lililopitia mdomo wa Kiingereza likapoteza w yake. Winifred, ambalo wengi hulifupisha kuwa Winnie, limetokana na Gwenffrewi, mtakatifu wa karne ya 7 ambaye kisima chake huko Treffynnon, kaskazini mwa Wales, bado kinatembelewa na mahujaji.

Makundi matatu

Majina ya kike ya Kiwelisi yana makundi matatu, na kulijua kundi la jina kunakuambia ni kiasi gani uamini maana uliyopewa.

Kundi la kwanza ni majina ya kale yaliyozaliwa ndani ya lugha yenyewe: Angharad, Nest, Gwenllian, Heledd, Rhiannon, Olwen. Maana za baadhi zinaeleweka vizuri. Angharad, kwa mfano, ni "apendwaye sana". Nyingine wataalamu bado wanazijadili, kwa hiyo ukiona tovuti imetoa maana moja kwa uhakika mkubwa, ipokee kwa tahadhari.

Kundi la pili ni majina ya Biblia na ya watakatifu yaliyovaa sauti za Kiwelisi. Mair na Mari ni Mariamu, Efa ni Hawa, Catrin ni Katarina, Elin ni Helena, Lowri ni Laura. Siân ni umbo la kike la Siôn, ambaye ndiye Yohana. Megan yumo humu pia. Ni jina la kubembeleza lililotokana na Marged, yaani Margareta. Orodha nyingi humwita Megan Mwayalandi, na si kweli. Maana ya majina ya kundi hili itafutwe katika Kiebrania, Kigiriki au Kilatini, kwa kuwa Kiwelisi kiliyapokea tu.

Kundi la tatu ni maneno ya kila siku yaliyofanywa majina, mengi yao katika karne ya 20: Seren ni nyota, Eira ni theluji, Enfys ni upinde wa mvua, Gwawr ni alfajiri, Haf ni majira ya joto, Alaw ni lahani ya wimbo. Carys limeundwa kutoka kitenzi caru, kupenda. Hapa maana haina utata hata kidogo. Mzazi anayetaka maana iliyo wazi kuliko historia ndefu atafute humu.

Kulisoma jina

Alfabeti ya Kiwelisi ina herufi 29. Nane kati yake huandikwa kwa alama mbili lakini huhesabiwa kuwa herufi moja: ch, dd, ff, ng, ll, ph, rh na th. Tahajia yake haibahatishi. Ukishajua kila herufi inatoa sauti gani, unaweza kulisoma karibu kila jina, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kujivunia.

C ni k siku zote. Cerys ni "Keris", Carys ni "Karis", Catrin ni "Katrin". Herufi k haimo kabisa, na sababu mojawapo ni ya kiwandani: William Salesbury, aliyetafsiri sehemu kubwa ya Agano Jipya la Kiwelisi la 1567, alieleza kwamba wapiga chapa hawakuwa na k za kutosha kwa mahitaji ya lugha hiyo, ndipo akatumia c.

F moja ni v, na ff ni f. Efa hutamkwa "Eva". Ffion, jina linalotokana na ua la porini, ni "Fion". Ukiondoa f moja ili jina lionekane jepesi, Mwelisi atalisoma "Vion". Hilo ndilo jibu kwa wanaouliza kama f ya pili ni pambo.

Dd ni dh ya dhahabu: Heledd ni "Heledh", Morfudd ni "Morvidh". Th ni th ya thamani. Ch ni kh kama watu wa mwambao wanavyoitamka wanaposema kheri kwa lafudhi ya Kiarabu. Ng mara nyingi ni ng' ya ng'ombe, kwa hiyo Angharad ni "Ang'-ha-rad". Waingereza wengi huugawanya mkusanyiko huo vibaya, lakini aliyelelewa na neno ng'ombe hatatizwi nao. R hutetemeshwa. Herufi s na i zikifuatana kabla ya irabu (si-) huwa sh: Siân ni "Shaan", Sioned ni "Shoned".

Uvumi kwamba Kiwelisi hakina irabu unatokana na kutojua kwamba w na y nazo ni irabu. Zote ni saba: a, e, i, o, u, w, y. W ikisimama peke yake kati ya konsonanti ni u yetu. Ikifuatwa na irabu ni w ya kawaida, kwa hiyo Gwen huanza kama gwaride. U ya Kiwelisi ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu husomwa i. Eluned ni "Elined" na Lleucu humalizikia "-ki". Y katika silabi ya mwisho ni i. Katika silabi za mbele huwa irabu hafifu, iliyomezwa, isiyokuwa na mwenzake katika Kiswahili. Jina Myfanwy lina zote mbili: ya kwanza imemezwa na ya mwisho ni i, ndipo tunapata kitu kama "Ma-van-wi" chenye a fupi mno pale mwanzoni. Katika Eira, ei hutamkwa e na i kwa pamoja, kamwe si "Ira" wala "Aira".

Mkazo nao unatupendelea. Katika Kiwelisi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na mtoto, baraka na Kiswahili chenyewe: Rhi-AN-non, E-LU-ned, Gwen-LLI-an. Yapo machache yanayokiuka, ila kwa majina ya kike yanayopendwa kanuni hii inatosha.

Sauti inayobaki kuwa ngumu ni ll. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kana kwamba unaanza kusema "la". Usitoe sauti ya kooni. Puliza hewa ipite pembeni mwa ulimi. Gusa koo kwa kidole: likitetema, umetoa l ya kawaida, rudia. Si sauti ngeni Afrika, kwa maana ndiyo hl ya Kizulu na Kixhosa, iliyomo mara mbili katika Rolihlahla, jina alilopewa Nelson Mandela alipozaliwa. Kosa la kawaida ni kuigeuza "thl", "kl" au "fl". Ni kosa la zamani sana, maana ukoo wa Floyd ni Llwyd uliotamkwa na Waingereza. Kama familia yako haiko tayari kuijifunza ll, afadhali uyaache Llinos, Lleucu na Gwenllian kuliko kumpa mtoto jina ambalo nyumbani kwake halitatamkwa sawa. Rh ni rahisi zaidi. Ni r yenye pumzi, na ukiitamka kama r ya kawaida katika Rhian au Rhiannon utaeleweka bila shida.

Bronwen si Bronwyn

Hapa ndipo orodha za mitandaoni zinapoharibu zaidi. Kiwelisi kina jinsia mbili za kisarufi, na kivumishi cha "-eupe, safi, -liobarikiwa" ni gwyn kwa kiume na gwen kwa kike. Katika majina, mwisho wa -wyn ni wa mwanamume: Carwyn, Eirwyn. Mwisho wa -wen ni wa mwanamke: Eirwen, Olwen, Tegwen, Branwen. Bronwyn kwa y limeenea kwa wanawake wa Marekani, Australia na Afrika Kusini, na anayelibeba tayari hana kosa lolote. Ila Wales jina la mwanamke ni Bronwen, na anayechagua leo hana sababu ya kumtwisha binti yake mwisho wa kiume. Kanuni hii inahusu mwisho wa jina tu, kwa sababu Gwyneth linaanza na Gwyn na bado ni la kike.

Msomaji makini atauliza g ya gwen imekwenda wapi katika Bronwen. Katika Kiwelisi herufi ya kwanza ya neno hubadilika kulingana na neno lililotangulia. Baada ya nomino ya kike, au baada ya neno kama i ("kwa"), g ya mwanzo hudondoka, c huwa g, m huwa f. Ndiyo maana kanisa la Mair, yaani Mariamu, huitwa Llanfair, na kibao cha kukaribisha wageni Cymru husomeka Croeso i Gymru. Mtu aliyezoea mzuri, kizuri, wazuri hawezi kushangaa sana kuona mwanzo wa neno ukibadilika. Habari njema kwa mzazi ni kwamba majina ya watu siku hizi hayabadilishwi. "Kwa Gwen" ni i Gwen, na jina linabaki zima.

Majina mengine huvuka jinsia yakivuka bahari. Meredith ni jina la kike Marekani, lakini Wales ni Maredudd, jina la wakuu na wapiganaji wanaume. Rhys, Dylan na Bryn ni ya wanaume. Morgan lilikuwa la wanaume kwa karne nyingi na sasa hupewa wote. Arwen, ambalo orodha nyingi huliita la kale, lilibuniwa na mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyevutiwa na sauti za Kiwelisi. Wapo mabinti wa Wales wenye jina hilo, ila halina ukale unaodaiwa.

Nani alilibeba kabla ya binti yako

Kuchagua jina kwa tafsiri yake tu ni kama kununua kanga kwa kupenda rangi bila kusoma jina lililoandikwa chini yake. Majina ya kale ya Wales yana hadithi ambazo kila mtoto wa shule huko anazijua, nyingi kutoka Mabinogi, mkusanyiko wa masimulizi ya zama za kati.

Blodeuwedd hutafsiriwa "uso wa maua", na mzazi huona ameshapata. Katika masimulizi, wachawi wawili walimuumba kwa maua ya mwaloni na ya mimea mingine miwili ya porini awe mke wa Lleu, kijana aliyelaaniwa asioe mwanamke wa kibinadamu. Blodeuwedd akampenda mwanamume mwingine, wakapanga kumuua Lleu, na mwisho akageuzwa bundi. Mwambao wetu wenye imani zake kuhusu bundi hautalipokea kwa furaha. Branwen, "kunguru mweupe", aliolewa na mfalme wa Ireland, akateswa jikoni kwa mumewe, akamfunza ndege aina ya kwezi apeleke ujumbe kwa kaka yake. Vita vikazuka, naye akafa kwa uchungu. Ni jina zuri lenye huzuni nyingi, na wapo wazazi Wales wanaolipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Rhiannon ni habari nyingine. Mizizi ya jina inaaminika kuwa "malkia mkuu". Alisingiziwa kumuua mwanawe mchanga, akaadhibiwa kubeba wageni mgongoni, akavumilia hadi mtoto akapatikana akiwa hai na ukweli ukadhihirika.

Kwa historia halisi hakuna linaloshinda Gwenllian. Mwaka 1136, mumewe akiwa safarini kutafuta msaada, Gwenllian ferch Gruffydd aliongoza jeshi dhidi ya Wanormani, waliotawala Uingereza wakati huo, karibu na Cydweli, akauawa, na uwanja ule bado huitwa Maes Gwenllian. Gwenllian mwingine alizaliwa 1282, mtoto wa pekee wa Llywelyn ap Gruffudd, mkuu wa mwisho wa Wales huru. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa na baba yake akauawa Desemba ya mwaka huo huo. Mfalme Edward I wa Uingereza akaagiza kichanga kipelekwe kwenye nyumba ya watawa ya Sempringham, Lincolnshire, asije akazaa warithi. Aliishi humo hadi kifo chake 1337, na kumbukumbu za huko zinaliandika jina lake Wencilian au Wentliane, kwa maana ll iliwashinda walioandika. Mwaka 2009 mlima mmoja wa Snowdonia ulipewa jina jipya, Carnedd Gwenllian, kwa heshima yake.

Ferch katika majina hayo ndiyo binti yetu: Gwenllian ferch Gruffydd limejengwa kama Fatuma binti Salim. Kwa wanaume huwa ap au ab, na kutoka hapo zimepatikana koo za Price (ap Rhys), Powell (ap Hywel) na Bowen (ab Owain). Mfumo huo ulipofifia, watu wengi walibaki na koo chache mno: Jones, Davies, Williams, Evans. Ndiyo maana jina la kwanza hubeba kazi kubwa Wales, na wazazi hupenda kuongeza la pili. Nia Jones wako wengi, Nia Haf Jones ni wachache. Mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Wales, aliyeshika wadhifa huo Agosti 2024, anaitwa Mair Eluned Morgan kwa ukamilifu, na hutumia Eluned.

Jina ndani ya nyumba ya Waswahili

Familia yenye bibi Tanga na mkwe Cardiff inahitaji jina litakaloishi pande zote mbili. Kiswahili hupenda kumalizia neno kwa irabu. Jina likiisha kwa konsonanti, wazee wataongeza irabu, na kwa kuwa mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nao utahama: SE-ren atakuwa Se-RE-ni, CAT-rin atakuwa Kati-RI-ni. Si dhambi, ila mzazi ajue mapema kwamba mtoto ataitwa kwa namna mbili. Yanayosalimika ni yale yanayoishia na irabu: Nia, Eira, Efa, Mari, Mali, Lowri, Cadi, Nesta, Menna.

Nia linastahili maelezo yake. Kiwelisi kililipata kutoka Niamh, binti wa masimulizi ya Ireland, na huko halihusiani na "kusudi". Wamarekani weusi walilipata kutoka Kiswahili, baada ya Maulana Karenga kuanzisha sikukuu yao ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuifanya nia kanuni yake ya tano. Ni majina mawili yenye umbo moja, na mtoto wa familia mchanganyiko anaweza kuyabeba yote kwa haki. Mali, umbo la Kiwelisi la Molly, linapendwa sana Wales, lakini mwambieni mkwe mapema kwamba kwetu binti anayeitwa Mali atasikia maneno ya mahari maisha yake yote.

Ushauri wetu kwa anayeandikisha jina ni mmoja: usibadilishe tahajia ili kuwasaidia Waingereza. Kerys, Fion, Bronwyn na Shan yanaonekana mepesi, lakini kila moja limepoteza kitu. Linasomwa vingine, limebadili jinsia au limekatwa na maandishi ya lugha yake. Afadhali kumfundisha mwalimu mara moja kusema "Keris". Kati ya Carys na Cerys chagua moja na uishike, kwa kuwa takwimu za majina na nyaraka huyahesabu kama majina tofauti.

Kwa watakaosajili Wales, kizazi huandikishwa ndani ya siku 42, na cheti kinaweza kuwa cha lugha mbili. Kofia iliyo juu ya irabu, Wawelisi huiita to bach, yaani paa dogo, hurefusha sauti na inaweza kubadili maana: tan ni "hadi", tân ni moto. Ikague katika Siân kabla ya kutia saini. Sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine hukubali A hadi Z pekee, kwa hiyo hapo itakuwa SIAN, na tiketi ya ndege iandikwe hivyo hivyo. Ukigundua kosa la uchaguzi, jina la kwanza linaweza kubadilishwa au kuongezwa kwenye rejesta ndani ya miezi 12 tangu kusajili.